Forodha ya Belezoni: pembe, bunduki na kibali kwenye delta ya Mto Tana

Tangu Muswada wa Kudhibiti Bidhaa za Kimkakati ufike katika Bunge la Taifa mwaka wa 2024, nimeisikia kauli moja ikirudiwa na watu ninaowaheshimu. Wanasema Kenya haikuwahi kuwa na utaratibu wa kumtaka mtu aombe kibali kabla ya kusafirisha kitu nyeti. Wanasema jambo hili limetujia na Azimio 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Aprili 2004, linaloyataka mataifa yote yazuie silaha za maangamizi na vifaa vya kuziunda visifike mikononi mwa watu wasio serikali. Kwa maneno yao, hapa tunaanza alifu.

Siikubali kauli hiyo, na sababu yangu iko mwendo mfupi tu kutoka Garsen. Ukishuka kwa barabara ya Lamu hadi Witu, kisha ukakata kuelekea Kipini, unafika mahali ambapo zaidi ya miaka 130 iliyopita watu waligombana, wakaandikiana barua za vitisho na mwishowe wakachomeana mji, kwa swali lilelile linalowakeresha wabunge wetu leo: nani ana haki ya kusema kitu hiki kipite na kile kisipite? Vitu vyenyewe vilikuwa viwili. Pembe za ndovu zilishuka na bunduki zikapanda. Njia ilikuwa moja, nayo ni mfereji mwembamba uitwao Belezoni.

Habari za mfereji huo nilizikuta katika kitabu ambacho wanahistoria wetu hukifungua kwa shingo upande, cha P. L. McDermott, ofisa wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka wa 1893. Ni kitabu cha wakili anayemtetea mteja wake, na kila ukurasa unavutia upande wa Kampuni. Lakini wakili anayetetea hulazimika kutaja alichoshtakiwa, na humo ndimo Belezoni inamoonekana. Nilikisoma sambamba na Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890, hasa vifungu vya 8 hadi 14, vinavyohusu silaha. Nikaona kwamba maandiko haya mawili, yanayosomwa kila moja peke yake, ni habari moja.

Msomaji wa delta hahitaji kufundishwa jiografia. Mto unatoka Mlima Kenya na Nyandarua, unapita Garissa, Hola na Garsen, na Wapokomo wanalima kingo zake kwa kufuata mafuriko. Waorma wanachunga nyuma yake. Waata, ambao huku chini wengi huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji wa vichakani, na hapakuwa na mtu aliyewazidi kwa upinde. Pinde zao zilihitaji nguvu ya kuvuta inayopita ratili 100, na mshale uliopakwa sumu ulimwangusha ndovu mzima. Biashara ya nje ilikuwa Kau, mji wa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, ambako Waswahili na Waarabu walinunua pembe kwa frasila na kuzipeleka Lamu na Unguja.

Kabla ya karatasi ya kwanza ya serikali kuandikwa, tayari palikuwa na sheria. Muata akiua ndovu, pembe moja ilikuwa yake na ya pili ilikwenda kwa Muorma aliyemhifadhi. Waandishi wa kikoloni waliliita jambo hili utumwa au unyonyaji, na baadhi ya wanahistoria wa leo wamelirithi neno hilo bila kulichungua. Mimi naliona kuwa kibali. Kilikuwa na mtoaji, kilikuwa na ada, na kilikuwa na ushahidi usioghushika, maana pembe za ndovu mmoja hufanana na anayezijua hazimpotei. Bwana wa Kiorma alijua ndovu wangapi wameuawa katika eneo lake kwa kuhesabu pembe zilizomfikia. Sisemi ulikuwa mfumo wa haki. Muata hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Lakini aliyetoa ruhusa na aliyeipokea waliishi siku moja ya mwendo, mmoja kwa mwenzake, na hilo halikutokea tena kwa muda mrefu baada ya 1889.

Sasa turudi Belezoni. Tana ya wakati huo iliingia baharini kwa mlango wake wenyewe, kusini-magharibi mwa Kipini, na mlango huo ulikuwa mbaya: mchanga, mawimbi, mashua kupinduka. Ozi ulikuwa mto mfupi, lakini mlango wake ulikuwa mzuri. Katika karne ya 19 watu wakachimba mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili, karibu na Chara, ili mitumbwi itokayo juu iingie Ozi bila kugusa bahari. Aliyeushika mfereji huo aliishika shingo ya chupa. Kila jino la ndovu lililotoka Korokoro na nchi ya Waorma, na kila pipa la baruti lililopelekwa kulinunua, lilipita hapo.

Nani aliushika? Hapa ndipo penye ugomvi. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa London zikakata pwani. Sultani wa Unguja akaachiwa ukanda wa maili kumi kuanzia kusini mpaka Kipini, na Sultani wa Witu, Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, akatambuliwa kuanzia Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa ghuba ya Manda. Simba alikuwa tayari chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu Mei 1885, kwa mkono wa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Waliochora mstari huo hawakuwahi kuuona Ozi. Kipini iko mlangoni mwa mto, Kau iko juu yake, na Belezoni iko upande wa pili. Mstari uliosema "Kipini" haukusema lolote kuhusu mfereji.

Simba akafa mapema mwaka wa 1889, na Fumo Bakari akaushika usultani. Mwaka huohuo Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyeombwa kuwa mwamuzi kati ya Kampuni ya Kiingereza na Kampuni ya Kijerumani ya Witu juu ya nani atoze ushuru wa Lamu, alitoa hukumu yake tarehe 17 Agosti: madai ya Wajerumani hayakuthibitishwa. Siku 14 baadaye Sultani Khalifa wa Unguja akawapa Waingereza ushuru wa Lamu. Kwa Fumo Bakari maana yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Pembe zake zote zingepitia mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Jibu la Witu lilikuwa kuweka forodha pale Belezoni. Askari wachache na mtu wa kutoza ushuru, basi. McDermott anakiita kitendo hicho uvamizi, na vitabu vingi vilivyomfuata vinakitaja kama mfano wa Wajerumani kumtumia sultani mdogo kuwachokoza Waingereza. Tafsiri hiyo siwezi kuivumilia. Hakuhitajika Mjerumani yeyote kumfundisha mtu wa Kau faida ya kuukalia mfereji. Familia za Kau ziliishi kwa mto huo kwa vizazi, na Simba mwenyewe aliwahi kukaa Kau kabla ya kuhamia Witu. Fumo Bakari alifanya kile ambacho Kampuni ilikuwa inakifanya Lamu na Mombasa, tena alikifanya akiwa karibu zaidi na bidhaa yenyewe. Tofauti ilikuwa kwamba Kampuni ilikuwa na hati ya malkia na yeye alikuwa na mdomo wa mfereji.

Kampuni ikasema Belezoni iko ndani ya maili kumi za Unguja. Witu ikasema ni ardhi yake. Barua zikaenda Zanzibar, London na Berlin. Hatimaye watu wa Fumo Bakari wakalazimika kuondoka mferejini.

Na bado sijafikia upande wa pili wa shehena, yaani bunduki. Kuanzia Desemba 1888 hadi Oktoba 1889 manowari za Uingereza na Ujerumani zilizingira pwani ya Afrika Mashariki kwa pamoja, kwa tangazo la kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Katikati ya mzingiro huo, Juni 1889, Mjerumani Carl Peters alishuka kwenye ghuba ya Kwaihu, kaskazini mwa Lamu, akiwa na watu wake na bunduki zake. Meli iliyomleta, Neera, ilikamatwa na Waingereza baada ya yeye kushuka. Peters alikwenda Witu, akatoka hapo kwa miguu hadi Ngao, kijiji cha Wapokomo ambacho wamisheni wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kufika, na kuanzia Ngao akaupanda Mto Tana. Safari yake aliiita ya kumwokoa Emin Pasha, gavana mzaliwa wa Ujerumani aliyekwama kusini mwa Sudan. Huko juu, Oda Boru Ruwa, mapigano yalizuka usiku na kiongozi wa Waorma ambaye Peters anamwita Sultani Hugo akauawa pamoja na watu wake. Peters mwenyewe aliyaandika hayo bila aibu katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1891.

Nimelitafakari tukio hili mara nyingi. Manowari za madola mawili makubwa zilikuwa baharini kuzuia bunduki, na bunduki zilizowaua watu wa Tana mwaka ule zilimilikiwa na raia wa mojawapo ya madola hayo. Wapokomo waliokuwa njiani walitakiwa kutoa chakula na mitumbwi. Hakuna kifungu cha tangazo la mzingiro kilichowahusu.

Ndipo ukaja Mkataba wa Brussels. Uliwekwa sahihi na madola 17, Unguja ikiwemo, na ni hapa ninapowaomba wanaosema tunaanza alifu wasome polepole. Mkataba ulichora eneo kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, kutoka bahari hadi bahari, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za pwani. Tana yote imo. Ndani ya eneo hilo, bunduki zenye mifuo na za kisasa zilipigwa marufuku, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa mtu mmojammoja aliyetoa dhamana kwamba silaha yake haitafika kwa mwingine. Silaha zote zilitakiwa kuwekwa katika ghala la serikali, na hakuna kilichotoka ghalani bila idhini. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida zingeweza kuuzwa, lakini mahali palipotajwa tu. Waliopewa idhini ya kutoa silaha walitakiwa kila miezi sita kupeleka orodha: zimekwenda wapi, kwa nani, na zimebaki ngapi. Na madola yaliahidi kupashana habari za vibali yalivyovitoa.

Chukua orodha hiyo uiweke kando ya sheria yoyote ya leo ya bidhaa za kimkakati. Kuna orodha ya vitu vinavyodhibitiwa, imegawanywa kwa ubora wa teknolojia. Kuna kibali. Kuna dhamana ya mtumiaji wa mwisho. Kuna taarifa za muda maalumu, na kuna serikali zinazobadilishana majina. Maneno yamebadilika, na badala ya gumegume na bunduki yenye mifuo tunazungumzia kemikali, mashine za kukata chuma kwa usahihi, vifaa vya elektroniki na programu za kompyuta. Lakini mifupa ni ileile.

Wanahistoria wamegawanyika juu ya mkataba huu. Wapo wanaouona kuwa tendo la huruma, sehemu ya vita dhidi ya biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba utangulizi wake unasema hivyo. Wapo wanaosema ulikuwa ni kuwanyang'anya Waafrika silaha kabla ya kuwatawala. Mimi ni wa kundi la pili, na kwa Tana sihitaji nadharia kunisaidia. Kalenda inatosha. Julai 1, 1890, Ujerumani inaiachia Uingereza Witu kwa mkataba wa Heligoland. Julai 2, Brussels inatiwa sahihi. Oktoba 27, Witu inachomwa moto na wanajeshi wa Admirali Fremantle, wenye bunduki na mizinga ambayo Brussels ilikuwa imewaachia wao peke yao.

Kati ya Julai na Oktoba kulikuwa na kisa cha Küntzel, na sitakiacha, kwa sababu nacho kwa ndani yake ni kisa cha kibali. Andreas Küntzel alikwenda Witu na Wajerumani wenzake akitaka kupasua mbao msituni. Fumo Bakari alikataa kumruhusu kukata miti. Wageni wale walipoingia mjini walinyang'anywa silaha. Asubuhi yake, katika mwezi wa Septemba, walipotaka kutoka lango likafungwa, Küntzel akampiga risasi mlinzi, na vurugu iliyofuata ikawamaliza Wajerumani tisa. Katika vitabu vya shule za zamani hayo ni mauaji ya washenzi dhidi ya wafanyabiashara. Hebu mtu anieleze ni kifungu gani Fumo Bakari alichokivunja alipomkatalia mtu asiye na idhini rasilimali ya nchi yake, na alipomtaka mgeni aziache bunduki mlangoni. Brussels yenyewe, iliyoandikwa miezi miwili kabla, ilitaka bunduki ziwekwe kwenye ghala la mtawala. Alikosa moja tu: hakuhesabiwa kuwa mtawala.

Fumo Bakari alifariki Januari 1891. Waliobaki, wakiongozwa na Fumo Omari, waliendelea kupigana kutoka misitu ya Pumwani na Jongeni. Kampuni ilichukua Witu mwaka huo na kuiacha Julai 1893, imeshindwa gharama. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikaweka himaya juu ya Afrika Mashariki.

Miaka 60 iliyofuata ninaipita haraka. Mkataba wa London wa Mei 1900 ulipendekeza pembe zilizo chini ya kilo 5 zikamatwe, na himaya yetu ikatunga kanuni zake juu ya msingi huo. Leseni kubwa ya uwindaji iligharimu rupia 750, pesa ambazo Mpokomo au Muata hakuwahi kuzishika kwa pamoja. Sumu ya mshale ikawa kosa. Pembe zilizookotwa zilikuwa mali ya serikali, na aliyezileta alipewa zawadi iliyokuwa chini sana ya bei ya soko. Zote zilipelekwa Mombasa, kwenye Chumba cha Pembe, zikapigwa mhuri na kunadiwa. Mwaka wa 1933 mkataba mwingine wa London ukadai cheti cha kusafirishia nyara za wanyama, miaka 40 kabla ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kibali kilikuwa kimetoka kwa Muorma wa siku moja ya mwendo, kikapita Belezoni, Kau na Lamu, sasa kiko Mombasa na Nairobi.

Matokeo yake Tana yalikuwa ya kutabirika. Uwindaji haukukoma. Ulikosa tu bwana anayeuhesabu. Muata aliendelea kuua ndovu kama babu yake, Mgiriama au Mkamba aliendelea kununua, na jahazi liliendelea kutweka tanga usiku. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa mhalifu, isipokuwa wa mwisho, aliyenunua pembe ileile mnadani.

Katika miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick na Bill Woodley wa mbuga ya Tsavo waliendesha kampeni kali dhidi ya wawindaji, na Waata wengi walifungwa. Kampeni hiyo inasifiwa hadi leo kuwa mwanzo wa uhifadhi wa kweli. Kuna kitu kimoja katika habari hiyo ninachokiheshimu: waliowakamata Waata ndio walioanza kusema kwamba watu hawa hawana njia nyingine ya kuishi. Kutokana na hilo ukazaliwa mwaka wa 1960 Mpango wa Galana, katika eneo la maili za mraba 3,000 hivi kati ya Galana na Tana, chini ya Ian Parker, kwa msaada wa Nuffield Foundation. Waata wangewinda ndovu kwa idadi iliyokubaliwa, kihalali, na pembe na nyama ziuzwe kwa faida yao.

Mpango huu nauangalia kwa subira ambayo wengine hawana. Wakosoaji wake wanasema ulileta faida ndogo na uliishia kuwa ranchi, na kweli ndivyo ulivyoishia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu pembe ile ya pili ya Muorma ambapo kibali cha bidhaa nyeti ya Tana kilitolewa Tana, kwa mtu wa Tana, na mtu anayemjua. Kiliharibiwa na jambo ambalo Belezoni ingeweza kuwafundisha: aliyeshika kalamu ya mwisho hakuwa Muata. Kiasi cha kuwinda kilipangwa na maofisa, soko lilikuwa Mombasa, na mradi ulipoonekana hauzai fedha hatima yake iliamuliwa na watu ambao hawakuutegemea kwa chakula.

Baada ya Uhuru ilikuja dhoruba. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo na nyika zilizo mashariki yake, na mizoga ikaacha pembe zimelala chini. Katika miaka iliyofuata wizara husika ilitoa barua zilizomruhusu mwenye nazo kukusanya pembe zilizookotwa na kuziuza. Barua hizo zilijulikana kama barua za wakusanyaji. Kwenye karatasi zilikuwa za kumsaidia mwananchi wa nyikani. Lakini pembe iliyookotwa na pembe ya ndovu aliyeuawa jana haina tofauti ukiiangalia ghalani, na ofisi iliyotoa barua ilikuwa mamia ya kilomita kutoka kwenye mzoga. Hapo ndipo ninapokumbuka zile pembe mbili zinazofanana, na mtu mmoja aliyekuwa karibu vya kutosha kuzilinganisha. Makadirio ya 1973 yaliipa Kenya ndovu wapatao 167,000. Kufikia 1989 walikadiriwa kuwa 16,000 hivi.

Sheria ya Wanyamapori ikatoka 1976. Uwindaji wote ukapigwa marufuku Mei 1977, na biashara ya nyara ikafungwa mwaka uliofuata. Kenya ilijiunga na CITES mwishoni mwa 1978. Mengine msomaji ameyaona kwa macho yake: tani 12 za pembe zikichomwa Nairobi Julai 1989, na tani 105 Aprili 2016. Sheria ya 2013 ilipotoka iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini kutoweka. Sina la kuongeza juu ya mioto hiyo ila kwamba, baada ya miaka mia moja ya kuusogeza muhuri mbali na Tana, serikali iliamua muhuri wenyewe uteketee.

Kwa nini basi ninaandika haya wakati muswada unahusu kemikali na mashine, na Garsen haina kiwanda kinachotengeneza hata kimoja cha vitu hivyo? Kwa sababu kijiografia delta imekaa palepale ilipokuwa. Barabara ya Lamu inapita Minjila. Bandari ya Lamu ina magati matatu yaliyokwisha kujengwa. Njia ya LAPSSET inatoka hapo kuelekea Garissa, Isiolo, Sudan Kusini na Ethiopia. Mizigo ya siku zijazo itakayohitaji kibali itapita kando ya mto huuhuu, na lori litakaloshukiwa litasimamishwa na askari wa hapa, mbele ya watu wa hapa, ambao kwa miaka 130 wameziona forodha zikiwekwa na kung'olewa bila wao kuulizwa.

Nina ombi kwa wabunge, na ni dogo. Brussels ilitaka orodha kila miezi sita ya kilichotoka ghalani na mahali kilipokwenda. Kila sheria ya kibali iliyotungwa tangu hapo ilikuwa na orodha ya namna hiyo, na kila mara orodha ilipelekwa juu: Lamu, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Geneva. Muswada huu uongezwe kifungu kinachotaka nakala ya orodha ya vibali vya bidhaa zinazopita kaunti fulani ipelekwe kwenye bunge la kaunti hiyo, na iwekwe mahali inapoweza kusomwa. Kwa Tana iwekwe Hola, na nakala ya pili Garsen. Siri za kibiashara na za usalama zinaweza kufichwa, na kuna namna za kufanya hivyo. Lakini idadi, aina, tarehe na jina la aliyetia sahihi havina sababu ya kufichwa kwa watu wanaokaa kando ya njia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuutafuta mfereji. Nilishuka Kipini, nikachukua mtumbwi kuupanda mto, nikamwomba nahodha anioneshe Belezoni inapoanzia. Alisita, kisha akanionesha maji tuliyokuwa juu yake. Mto Tana uliuacha mlango wake wa kale zamani, ukauingia mfereji ule uliochimbwa kwa mikono, ukaupanua, na sasa maji yote kutoka Mlima Kenya yanaingia baharini kwa Kipini. Pale penye forodha ya Fumo Bakari hapana jiwe wala kibao. Kuna mikoko upande mmoja na miembe ya Ozi upande wa pili, na siku ile palikuwa na wanawake wawili wakivuka na magunia ya mchele.